Nilivyokuwa Mshenga wa Serikali

Kuna kazi ambazo mtu huziomba, na kuna kazi ambazo humwangukia. Ya kuwa mshenga wa serikali katika mambo ya anga za juu iliniangukia Jumamosi moja, mlangoni pangu Acocks Green, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, nikiwa nimevaa soksi na kandambili.

Aliyeniangushia ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, Msomali aliyekulia Eastleigh kule Nairobi, mwanamke anayezungumza Kiswahili kama anayepigilia misumari: neno, pigo; neno, pigo. Mkononi alikuwa na sahani ya sambusa iliyofunikwa kwa karatasi ya jikoni. Ninazijua sambusa zake. Hazitembei bure.

"Mwalimu," alisema, "leo baada ya laasiri uje kwangu. Wewe ni mshenga."

"Mshenga wa nani?"

"Wa serikali."

Nilimwuliza serikali inamwoa nani.

"Binti yangu," alinijibu, akanikabidhi sahani, akaenda zake.

Naomba nieleze kwanza mambo yalivyokuwa. Nisipoeleza, msomaji atadhani tulikuwa tumerukwa na akili, na ningependa aligundue hilo mwenyewe, polepole.

Huyo binti alikuwa amemaliza chuo kikuu, masomo ya uhandisi, na fani yake ni maji. Si maji ya mabomba ya mjini, bali maji ya watu wanaokaa angani. Mwanaanga hawezi kubeba maji ya miezi; ni mazito mno kurushwa juu. Kwa hiyo kila kinachotoka mwilini mwake, jasho, unyevu wa pumzi na hata haja ndogo, hukusanywa, husafishwa, na kunywewa tena. Mtambo unaofanya hivyo ndio binti alioupenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Ukimwuliza saa ngapi, binti huyu hukueleza saa inavyotengenezwa. Ukimwuliza kuhusu mtambo wake, afadhali uwe umekaa.

Pande mbili zilikuwa zinamtaka. Upande mmoja ulikuwa wa serikali: maabara iliyoko mwendo mfupi wa treni kutoka kwetu, ambako kazi yake ingekuwa kuikagua mitambo ya namna hiyo kabla mtu hajaikabidhi roho yake. Angetoka asubuhi, jioni angekuwa mezani kwa mama yake. Upande wa pili ulikuwa kampuni binafsi, mbali kusini karibu na bahari, yenye nia ya kujenga kituo chake yenyewe huko juu na kuwapeleka watu. Huko angeujenga mtambo wake mwenyewe, na kabla ya mwaka kwisha wangefungiwa watu ndani ya chumba kisichopitisha hewa, wayanywe maji yake. Pande zote mbili zilitaka jibu Jumatatu.

Moyo wake ulikuwa kwa kampuni. Mimi nilijua kabla ya mama yake, kwa sababu nafundisha watu kuendesha gari, naye alikuwa mwanafunzi wangu. Ndani ya gari la mafunzo watu husema wasiyoyasema nyumbani. Nadhani ni kwa kuwa macho yote yako barabarani.

"Lakini siendi bila radhi ya Hooyo," aliniambia tukisubiri taa zigeuke. Hooyo ni mama kwa Kisomali. Mengine yote aliyasema kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliozaliwa hapa, nami nayaandika kwa lugha yetu. "Nikiondoka bila radhi yake, Uncle, hata boliti haitakaza."

"Umemwuliza?"

"Amesema tutaangalia."

Taa zikageuka, akaondoa gari. Mama wa Eastleigh akikwambia tutaangalia, ujue ameshaangalia, na huyu alikuwa ameshaichagua serikali.

Hayo mambo ya posa yalizuka mezani. Kwa majuma binti alikuwa akilinganisha pande hizo mbili wakila, na mama akisikiliza kwa sikio lake mwenyewe. Mmoja ni wa umri, ametulia, ana jina, ana kiinua mgongo, mambo yake polepole. Wa pili kijana, ana ahadi nyingi, vitu vyake vipya vinang'aa, yuko mbali na hajulikani kwao. Mwishowe mama akaweka kijiko chini akasema kwamba hizo si kazi, hao ni wachumba, na mchumba kwake hapiti dirishani. Waje kwa mlango wa mbele, watume washenga.

Kwa asiyejua, mshenga ndiye mtu anayekwenda kumsemea mchumba. Mchumba mwenyewe haendi, kwa sababu huulizwa maswali ambayo angeona haya kuyasikia. Na kwa kuwa serikali wala kampuni zisingeweza kufika Acocks Green siku hiyo, mama aliziteulia washenga mwenyewe. Hakutuuliza tunaamini nini. Mshenga hahitajiki kuamini.

Nilipofika nilimkuta mwenzangu ameshakaa. Mshenga wa kampuni alikuwa Mkongo wa Uvira, mume wa mfanyakazi mwenzake mama, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, mtu anayecheka kabla ya kumaliza kichekesho chake. Anafanya kazi Washwood Heath, pale palipokuwa na kiwanda cha magari, ambako sasa wanajenga karakana ya treni za kasi. Alikuwa amevaa tai. Mimi nilikuwa nimebadilisha kandambili tu.

"Papa," alininong'oneza, kama kwao wanavyomwita mtu mzima, "mke wangu ameniambia ni harusi. Harusi iko wapi?"

"Hii hapa," nilimwambia. "Wewe unaiposea kampuni ya roketi."

Alinitazama, akaitazama sahani ya halua mezani, akakaza tai yake. "Bon. Tufanye kazi."

Binti alikuwa ameketi kwenye pembe ya kochi, kompyuta yake magotini, mdomo umefunguka tayari.

"Hooyo, hii ni kazi tu, mimi naweza kueleza—"

"Wewe leo huna sauti. Wageni wamekuja kukuongelea."

"Lakini ni kazi!"

"Na ndoa si kazi?" Mama akamgeukia Mkongo. "Haya, shemeji. Nani amekutuma?"

Mkongo alisimama. Hakuna aliyemwomba asimame.

"Mama, bwana wetu ni kijana. Iko na nguvu kabisa. Hana maneno mingi. Leo anasema atajenga, kesho unasikia nyundo. Hapendi kukaa kikao. Anaamuka mbele ya jogoo."

"Ana miaka mingapi?"

"Mama, kijana! Lakini akili yake ni ya mzee."

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeonja chumvi, akanigeukia mimi. Nilianza vizuri, ninakumbuka. Nilisema bwana wetu ni wa ukoo mkubwa, kwamba ndiye aliyetangulia kufika angani wakati hao wengine hawajazaliwa, kwamba hakwenda kutafuta faida bali elimu, na kwamba nyumba yake haifilisiki.

"Nimesikia anachelewa," mama alinikatiza. "Anasema anaondoka kwenda mwezini. Watu wanakaa, wanakaa. Hajaondoka."

Hapa msomaji lazima anisamehe. Mimi ni mtu wa kueleza. Mtu akiniuliza kwa nini gari limezimika, siwezi kusema limezimika tu. Nitaanza na klachi. Kwa hiyo nilimweleza mama kwamba serikali huchelewa kwa sababu fedha zake ni za wananchi, na kila mwananchi ana haki ya kuuliza. Kwamba waziri mmoja huanzisha jambo, akija mwingine analibadili. Kwamba hutaka kazi igawiwe mikoa yote ili kila mbunge apate cha kusema kwao. Kwamba wakati mwingine—

"Papa!" Mkongo alishika kichwa. "Unatuletea muchumba, ao unamusomea mashitaka?"

"Namweleza tu."

"Mushenga haelezi! Mushenga anasifu!"

"Mwache," mama alisema. "Huyu anasema kweli. Serikali imepoteza alama, lakini mshenga wake amepata." Kisha akamrudia Mkongo. "Na wewe. Huyo kijana wako, nasikia roketi zake zinalipuka."

"Zinalipuka, Mama, siwezi kukuficha." Alikunja mikono kifuani kwa unyenyekevu. "Lakini zinalipuka haraka!"

"Hilo ni sifa?"

"Ni sifa kubwa! Ikilipuka haraka, anajua kosa haraka, anajenga ingine. Ile ya leta," na leta ndivyo kwao wanavyoiita serikali, "ile ikilipuka, batu wanakaa miaka wakiulizana nani aliwasha."

"Na watu wakiwemo ndani?"

Binti, ambaye hakuwa na sauti siku hiyo, alijibu badala ya Mkongo. Alisema kwa utaratibu kwamba zile za majaribio hazibebi mtu. Kwamba watu wamewahi kufa katika safari za angani, na za serikali zimo. Na kwamba ndiyo maana mtambo wake hautapanda hadi watu wawe wameishi nao ardhini kwa muda mrefu, mlango ukiwa karibu, na madaktari wakiwa nje. Mama alimsikiliza bila kumwambia anyamaze. Kisha akamimina chai.

Nadhani tungemaliza salama kama Mkongo asingetaka kurudisha furaha sebuleni.

"Mama, usiogope," alisema akichovya kaimati. "Kwa bwana wetu hawezi kukosa kitu. Hata maji. Anakunywa ya jana."

"Maji ya jana?"

"Mukojo, Mama."

Niliiona birika ikisimama hewani. Nilifahamu wakati huohuo kwamba kwa miaka yote ya chuo, mama huyu alikuwa akiwaambia wenzake wa kazi hospitalini na wa msikitini kwamba binti yake anasomea maji ya wanaanga, na hakuna aliyewahi kumwambia yanatoka wapi. Nilimtazama binti. Binti aliitazama dari.

"Ulinambia ni maji," mama alisema.

"Ni maji, Hooyo. Baadaye."

"Baadaye ya nini?"

Mkongo alikuwa ameshaanza kucheka, ile ya kwaya, inayoanzia chini. Mimi nikaenda jikoni bila ruhusa nikarudi na sufuria na kifuniko chake, kwa sababu kuna mambo hayaelezeki kwa mikono mitupu. Nikamwonyesha. Ukichemsha supu, tone linaloning'inia chini ya kifuniko si supu. Halina chumvi, halina bizari, halina kitunguu. Mvuke hupanda peke yake, uchafu haujui kuruka. Mtambo wa binti yake hufanya hivyo, kisha huyachuja tena na tena, kisha huyapima.

Mama alikitazama kifuniko kwa muda.

"Rangi?" alimwuliza binti.

"Hakuna."

"Harufu?"

"Hakuna."

"Ladha?"

"Hakuna, Hooyo. Nimeonja."

Hayo matatu kila mtoto wa madrasa ameulizwa, ya kujua maji yamebadilika au hayajabadilika. Mama akaegemea nyuma.

"Sisemi ni twahara. Hilo nitamwuliza sheikh. Lakini kwa sasa hayajafeli."

"Na mvua hii je?" Binti alinyoosha kidole dirishani, ambako mvua ya Birmingham ilikuwa inafanya kazi yake ya kila siku. "Unadhani imetoka wapi? Kila tone hapo limewahi kupita ndani ya mtu. Au ng'ombe."

"Nyamaza, tunakula."

Tukala. Chai ilipomiminwa mara ya pili, mama alirudi kwenye swali ambalo hakuna posa isiyo nalo. Aliuliza nasaba. Huyu wa kampuni ni mtoto wa nani? Anakula wapi?

"Anakula kwake, Mama," Mkongo alijibu kwa fahari. "Baba yake tajiri. Hategemei mutu."

Hapa nilipaswa kukaa kimya. Mshenga mwingine yeyote angemwacha mshindani wake ajisifu mpaka ajikwae. Lakini nimeshasema nilivyo.

"Hiyo si kweli yote," nilisema. "Serikali nazo huzilipa hizo kampuni."

"Kuzilipa nini?"

Nilimweleza. Zamani serikali ikitaka kumpeleka mtu angani ilikuwa inasimamia chombo chote tangu boliti ya kwanza. Siku hizi, serikali kadhaa hununua nafasi tu, kama unavyonunua tiketi ya treni: kampuni hujenga chombo, serikali humkalisha mtu wake ndani. Nazo kampuni zilijifunzia kwa serikali, kwenye viwanja vyake vya majaribio na kwa wahandisi wake waliostaafu.

Mama aliweka kikombe chini. "Subiri. Mchumba mkubwa anamlisha mchumba mdogo?"

"Kwa kiasi fulani."

"Na mdogo anambeba mkubwa mgongoni?"

"Inapobidi."

"Wanakula chungu kimoja."

"Si kimoja hasa, kuna mikataba—"

"Ni ndugu!" Alipiga goti. "Ndugu wawili wamekuja kumposa binti mmoja, na washenga wao wamekaa hapa wanakula halua yangu kimya kimya! Wallahi, mngekuwa Eastleigh mngetoka mbio!"

Mkongo alicheka hadi tai ikahamia begani. "Mama, hata miye!" alisema akijifuta macho. "Kule Washwood Heath natumika kwa kampuni. Ile kampuni inalipwa na kampuni ingine. Ile ingine inalipwa na leta. Siku mvua inanipiga, sijue nani ananilowesha."

Nikajaribu kuokoa heshima ya pande zote. Nilimwambia mama afikirie gari langu la mafunzo. Usukani uko kwa mwanafunzi. Lakini upande wangu nina breki yangu mwenyewe miguuni. Mwanafunzi akiwa mzuri, mguu wangu hulala. Akitaka kuingia mzunguko bila kutazama, mguu huamka. Serikali siku hizi ndiyo inayotaka kukaa upande huo wangu.

"Na nani anaamua gari linakwenda wapi?" mama aliuliza.

Hilo sidhani hata wakubwa wenyewe wameshaliamua.

Binti alikuwa ameifunga kompyuta. "Hooyo," alisema, safari hii kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno kama anayetafuta viatu gizani, "wewe unafikiri nini? Wewe mwenyewe?"

Mama anafanya usafi katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Alinyoosha ncha ya garbasaar yake, ule mtandio wa Kisomali unaofunika mabega, akasema:

"Mimi nilikuwa mtu wa serikali. Siku moja tukaitwa, tukaambiwa kuanzia leo nyinyi ni watu wa kampuni. Tukapewa fulana za rangi nyingine. Ndoo ileile. Sakafu ileile. Yule bibi wa kitanda cha dirishani ananiita vilevile, na kumwaga juisi yake vilevile. Ikapita miaka, tukaitwa tena: mmerudi serikalini. Nikaitoa fulana ya kwanza kabatini. Ilikuwa inanibana." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mimi rangi ya fulana hainitishi."

"Basi kwa nini umeng'ang'ania serikali?" nilimwuliza. Niliuliza kama jirani; nilikuwa nimesahau kwamba mimi ndiye mshenga wake.

Alijibu akiielekeza sauti jikoni.

"Huyo anamrudisha jioni."

Mkongo aliacha kutafuna.

"Sufuria yangu ndogo kabisa ni ya watu sita," mama aliendelea. "Sijui kupika wali wa mtu mmoja. Sijawahi. Nitapima nini, kiganja?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba posa yote ile, pamoja na halua na washenga na nasaba, ilikuwa njia ya kuchelewesha Jumatatu. Binti naye aliona. Uso wake ulibadilika, nikajua angeweza kulitamka wakati wowote lile neno la kukaa nyumbani, na kwamba akilitamka hatalirudisha.

Nadhani mama pia alijua. Ndiyo maana hakumpa nafasi. Alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akaanza kumwuliza rasmi, kama binti anavyoulizwa mbele ya watu.

"Huyu mkubwa. Wa serikali. Unamtaka?"

Binti aliongea. Alisema maabara ile ina watu wema, kwamba wamekusanya makosa ya miaka mingi na wanayajua kwa majina, kwamba bila wao hakuna ambaye angethubutu kunywa chochote huko juu, kwamba treni ni moja tu, kwamba jioni angekuwa nyumbani na Ijumaa wangepika pamoja. Alitaja faida ambazo mimi mshenga wake sikuzijua. Alieleza hadi chai ikatanda utando.

Mama alimsubiri amalize.

"Na huyu mdogo. Wa baharini. Unamtaka?"

Binti alitazama zulia. Akavuta ncha ya mtandio wake mpaka mdomoni. Akanyamaza.

Tulisubiri. Mvua ilisikika kwenye bomba la paa. Sikuwahi kumwona binti huyu amenyamaza kwa muda huo, hata akiwa amelala, kwani mama yake husema huota kwa sauti.

"Anaumwa?" Mkongo aliniuliza sikioni.

Haumwi, nilimnong'oneza. Kwetu sisi Waislamu, binti akiulizwa kuhusu mchumba mbele ya watu, si lazima aseme ndiyo, haya humzuia. Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Akiwa hataki, hapo ndipo husema.

Macho ya Mkongo yakawa makubwa. "Kumbe ya leta amekataa kwa maneno yote yale?"

Mama alikuwa amekwisha kuelewa. Alimkodolea binti macho.

"Wewe! Nani amekufundisha?"

Binti hakujibu. Angejibu angeharibu.

"Umezaliwa hospitali ya hapahapa. Nikikuita kwa Kisomali unanijibu kwa Kiingereza, nikikuita kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza. Tangu lini una haya? Leo ndiyo umekuwa binti wa watu?"

Zulia liliendelea kutazamwa. Mabega ya binti yalikuwa yanatikisika kidogo, na mtandio ulikuwa umeng'atwa kwa meno. Mama akasema neno la Kisomali ambalo sikulielewa, akajifunika uso kwa garbasaar, akakaa hivyo. Kama alikuwa analia au anacheka sikutazama. Si kazi ya mshenga aliyeshindwa.

Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa ileile ya misumari.

"Haya. Aende. Radhi yangu iko juu yake, akiwa ardhini na akipanda mbinguni."

Tukasoma Fatiha. Mkongo aliitikia Amina kwa sauti ya kwaya, sehemu ya besi, kiasi kwamba jirani wa upande wa pili aligonga ukuta. Binti alivuka sebule akamwangukia mama yake shingoni, na hapo sauti yake ikarudi yote kwa pamoja.

Mkongo alidhani kazi imekwisha. Alikuwa anavaa koti lake mama alipomshika mkono.

"Shemeji, wewe ulimsifu. Ulisema hana maneno mengi, ana akili ya mzee. Akimkosea binti yangu, simjui yeye. Nakujua wewe."

"Mama, lakini mi sijamuona ile kampuni hata siku moja."

"Na mimi pia. Kwa hiyo ni wewe."

Tangu siku hiyo hana raha. Habari ikitangazwa kwamba kampuni imeahirisha jaribio lake, mama humpigia simu yuko kazini Washwood Heath, kofia ngumu kichwani. "Kijana wako ameahirisha tena. Anasema upepo. Upepo gani? Nimetazama nje, hakuna upepo." Mkongo humwomba dakika chache, akanipigia mimi. Mimi namweleza habari za upepo wa juu, ambao huku chini hausikiki, na kwa nini mtu mwenye akili huusubiri. Yeye huyachukua maelezo yangu, huyageuza kuwa sifa, humpelekea mama. Hivyo nimekuwa mkandarasi mdogo wa mshenga wa kampuni, mimi niliyekuwa mshenga wa serikali, na hakuna aliyeniuliza kama nakubali kuhama.

Majira ya baridi yalipoingia, binti alimpigia mama yake kumwambia kwamba watu wamekwisha kuingia ndani ya kile chumba, mlango umefungwa, na mtambo unafanya kazi. Kabla hawajaingia, yeye mwenyewe alikinywa kikombe cha kwanza mbele ya wote, kwa kuwa aliona si adabu kumpa mgeni asichokionja mwenyewe. Mama alimwambia amefanya vyema. Akakata simu, akampigia Mkongo.

"Mwambie bwana wako," alisema, "huyo mtoto ana kifua. Maji hayo wasimpe ya baridi. Wayachemshe, watie tangawizi."

Mkongo alinipigia kutoka kazini. Nyuma yake nilisikia mashine na mvua.

"Papa, hii mi namwambia nani?"

Nilianza kumweleza ngazi za uongozi katika kampuni kama zile, nani humsikiliza nani, kisha nikajizuia.

"Mrudie mama," nilimshauri, "mwambie kwamba bwana wako amekubali."

"Na tangawizi?"

"Mwambie ilikuwa imeshatiwa."

Alicheka hadi mwenzake mmoja akamwita arudi kazini.

"Voilà," alisema. "Sasa wewe ni mushenga."